Meno ya Idi Juu ya Bati

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mwanvua alikuwa na kazi ya kuanika ndagala. Baba yake, Alimasi, alirudi kutoka ziwani macho mekundu kwa moshi wa taa, kwa maana ndagala huvuliwa gizani kwa mwanga wa petromaksi. Akishusha makapu mchangani alisema neno moja tu, "Haya," kisha akaenda kulala hata bila kunawa. Hapo Mwanvua na mama yake, Mariyamu, waliwatandaza samaki hao wadogo juu ya mchanga, wakiwatenganisha kwa vidole, huku kunguru wakiwazunguka.

Mwanvua alikuwa na miaka kumi na miwili, na tayari mgongo ulimuuma kama wa mtu mzima. Mikono yake ilinuka samaki hata darasani. Rafiki yake Zuwena, ambaye kwao walikamua mawese, hakumwacha apumzike.

"Weye Mwanvua, paka wote wa Rumonge wanakujua kwa jina."

"Na weye ukikaa juani unaanza kukaanga," Mwanvua alimjibu.

Wakacheka, wakakaa dawati moja, samaki na mafuta yake.

Ulikuwa mwaka wa 1968. Burundi ilikuwa na miaka sita ya uhuru, na mdogo wake Mwanvua, Idi, alikuwa na miaka sita pia, kwa kuwa alizaliwa wiki ile ile ya ngoma na bendera. Mama yao alipenda kusema, "Huyu na uhuru ni mapacha." Idi ndiye aliyekuwa askari wa kunguru. Alishika fimbo ndefu, akakimbia huku na huku mchangani akipiga kelele, na mara nyingi aliwakanyaga ndagala wengi kuliko wale ambao kunguru wangeiba.

Lakini mwaka ule, mvua zilipokwisha, Idi aliacha kukimbia. Alikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, ameshika shavu la kulia. Shavu lilivimba. Bibi yao, Batuli, alipasha chumvi moto, akaifunga ndani ya jani la mbarika, akamkanda. "Ni jino," alisema. "Jino baya lina hasira. Litatoka, litapita."

Na kweli, jino likatoka. Idi akafurahi sana. Watoto wa Rumonge jino likiwatoka hulitupa juu ya paa, wakamwomba mjusi awape jipya. Idi akasimama uani, akatupa kwa nguvu zake zote. "Mjusi, mjusi, chukua hili bovu, niletee jipya!" Jino likagonga bati, ti, likanyamaza. Baada ya siku chache likatoka la pili. Kisha la tatu. Yote ya upande ule ule.

"Nitakuwa mtu mzima kabla yenu wote," alimwambia Mwanvua, maneno yakitoka upande mmoja wa mdomo. Shavu halikupungua hata kidogo.

*

Siku moja gari aina ya Landrova ilisimama karibu na uwanja wa kuanikia. Ilikuwa na vumbi mpaka kwenye vioo. Akashuka mwanamume mrefu, mwembamba, amevaa miwani, shati limelowa jasho mgongoni. Alikuwa Daktari Cikuru, mtu wa Bukavu. Dereva wake, Lukeba, mfupi mwenye kofia ya majani, alimfuata akipiga miayo.

"Amahoro, bamama," daktari alisalimia.

"Amahoro," wakajibu, mikono ikiendelea na kazi.

Alifika kwa Mariyamu. "Mama, uko na watoto wangapi?"

"Watatu," alisema Mariyamu.

Mwanvua aliinua uso. Walikuwa wanne: yeye, Hamissi, Idi, na Kadidja aliyekuwa bado mgongoni. Lakini hakushangaa, na alijua ni nani aliyeachwa. Idi alikuwa ndani, amelala karibu na jiko la bibi.

Hapa inafaa nieleze, maana anayepita barabarani tu hawezi kujua. Kwenye pwani ile mama hakumtajia mgeni watoto wake wote. Mmoja alimwacha ndani. Walisema ukiwataja wote umefungua milango yote ya nyumba, na huwezi kujua jicho gani litaingia. Hawakuuona kuwa uongo. Ulikuwa ua, kama ua wa mianzi unaozungushia nyumba. Na anayefichwa nyuma ya ua ni nani? Ni yule dhaifu. Ni yule unayemwogopea.

"Wote wazima?" daktari aliuliza.

"Wote wazima, Mungu ashukuriwe."

Daktari akashukuru, akaenda kwa mama mwingine. Naye akamwacha mmoja ndani. Na yule wa tatu vivyo hivyo. Jua liliposimama katikati, daktari alikuwa amemaliza uwanja wote, na hakupata mtoto mgonjwa hata mmoja. Aliegemea gari, akavua miwani, akajisugua macho.

"Patron," Lukeba alimwambia bosi wake, "watoto wa hapa iko wazima kuliko sisi wawili."

"Ndiyo, Lukeba. Na jambo hilo ndilo linalonichosha."

*

Kesho yake daktari alifika shuleni. Mwalimu aliwaamuru wanafunzi wasimame, wakasimama, wakaketi. Daktari hakukaa kwenye kiti alichopewa. Labda aliogopa angesinzia.

"Mimi kazi yangu ni kutafuta," alianza. "Kabla ya uhuru nilikuwa msaidizi hospitalini Bukavu. Kulikuwa na chumba cha watoto. Wengine walikuwa na ugonjwa wa damu. Mtoto anakuwa mweupe midomo, anachoka, damu inamtoka puani bila kupigwa. Hatukuwa na dawa yoyote. Kazi yangu ilikuwa kuwapa maji na kuwafunika. Basi nilipopata nafasi ya kwenda Ulaya kusomea udaktari, nikasema nitasomea hao."

Aliwaeleza kwamba mwili umejengwa kwa vijumba vidogo sana ambavyo jicho halivioni. Kila kijumba kina kazi yake, na kinajua wakati wa kuongezeka na wakati wa kuacha. Saratani, au kansa, ni pale vijumba vingine vinapoongezeka bila kuacha. Vikiwa vya damu, ugonjwa unaitwa lukemia. Vikiwa vya taya, shavu linavimba.

"Huu wa taya ndio ninaoufuata huku ziwani," alisema. "Wataalamu wanasema unapenda nchi ya joto, ya mvua na ya mbu. Hapa joto iko, mbu iko. Nimeuliza Gitaza, nimeuliza Muhuta yote, nimeuliza Nyanza-Lac, na jana hapa Rumonge. Kila mahali, wazima, wazima, wazima." Akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyelala vibaya. "Hauambukizi. Si ulozi. Si kosa la mama. Shavu linavimba upande mmoja, kila wiki zaidi. Halafu meno ya nyuma yanalegea, yanadondoka. Mtoto wa miaka sita anang'oka meno ya mbele, hiyo ni kawaida. Ya nyuma bado anayahitaji."

Kijana mmoja nyuma akapaza sauti kumwuliza daktari: "Munganga, na kama amepigwa ngumi?"

Watoto wakaangua kicheko. Mwalimu akagonga meza.

"Wa ngumi atapona bila mimi," alisema daktari. "Wa kansa, akiletwa mapema, iko dawa mpya ya sindano. Akichelewa, mimi ni wa kumfunika tu, kama zamani. Kesho asubuhi narudi Bujumbura. Walionipa gari na dawa watasema pwani hii haina ugonjwa, na dawa itapelekwa nchi nyingine. Kwa hiyo nawauliza ninyi. Nani ana ndugu wa namna hiyo nyumbani?"

Chini ya dawati mguu wa Zuwena uligonga mguu wa Mwanvua. Ukagonga tena, kwa nguvu zaidi.

Mwalimu aliona. "Mwanvua, una neno?"

Mwanvua aliangalia mikono yake. Magamba ya ndagala yalikuwa yamekauka kwenye kucha.

"Hapana, mwalimu."

*

"Kwa nini umenyamaza?" Zuwena aliuliza njiani. Alikuwa amekasirika hata hakutania.

"Mama alimwambia watatu. Nikisema wanne mbele ya darasa zima, nimemfanya mama yangu mwongo."

"Na Idi?"

"Bibi anasema ni jino."

"Bibi yako aliwahi kusema mvua hainyeshi Ijumaa."

Mwanvua hakucheka. Alitembea mbele peke yake mpaka nyumbani.

Idi alikuwa amekaa kizingitini. Kitambaa cha bibi kilikuwa kimeshuka shingoni, na Mwanvua aliona vizuri kile ambacho kila siku alikwepa kukitazama. Shavu liling'aa kama limepakwa mafuta. Jicho la upande ule lilikuwa limesukumwa juu kidogo, kana kwamba Idi alikuwa akitazama kitu kwenye dari. Sahani ya ugali ilikuwa pembeni, nzima. Lakini yeye alikuwa akitabasamu, na mkono wake mmoja ulikuwa umefumbwa.

"Yaya," alimwita dada yake, "lingine! Ninyanyue nilirushe. Leo mkono hauna nguvu."

Mwanvua alimnyanyua. Akashtuka. Idi alikuwa mwepesi kama kapu tupu. Kabla hajatupa, alifungua kiganja amwonyeshe dada yake. Jino lilikuwa pana, lenye vilima juu, jino la kutafunia. Jino la nyuma.

"Mjusi, mjusi," Idi alisema polepole, akatupa. Ti. Jino likabingirika, likanasa kwenye ukingo wa bati.

Mwanvua alimweka chini. Kisha akachukua mti mrefu wa kuanikia nyavu, akaanza kupapasa ukingo wa bati.

"Weye mutoto!" Bibi Batuli alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Unafanya nini? Jino haliteremshwi! Unataka asiote mengine?"

"Nisamehe, bibi."

Jino lilianguka vumbini. Mwanvua aliliokota, akalifunga kwenye pindo la kitenge, akakimbia. Nyuma yake alisikia Idi akilia. Hakulia kwa maumivu. Alilia kwa sababu jino lake lilikuwa limeibwa.

*

Daktari alilala kwenye nyumba ya wageni karibu na soko. Lukeba alikuwa akifunga masanduku juu ya gari.

"Leo hatununui," alisema bila kugeuka. "Harufu imefika kabla yako, mama mdogo. Ndagala wazuri, lakini tunaondoka."

"Siuzi. Namtaka munganga."

Daktari Cikuru alikuwa amekaa kwenye sanduku barazani, viatu pembeni, miguu ndani ya beseni la maji. Mwanvua alipiga magoti kidogo kwa heshima, akafungua pindo, akamwekea jino kiganjani.

Daktari alivaa miwani. Aligeuza jino mara nyingi.

"Mwenye jino hili ana umri gani?"

"Ana umri wa uhuru."

"Miaka sita." Sauti yake ilibadilika. "Ni mtoto wa nani?"

"Ni wetu. Ndiye ambaye mama hakumhesabu."

Daktari alichomoa miguu kwenye maji, akaanza kuvaa viatu bila kujifuta. Kisha akasimamisha mikono. "Hakumhesabu? Kwa nini?"

Mwanvua akaeleza. Alieleza habari ya milango na jicho, na yule mmoja anayebaki ndani. Alipokuwa akieleza aliona aibu, kana kwamba anamfungulia mgeni sanduku la nguo za mama yake.

"Ni mama yako tu anayefanya hivyo?"

"Bamama wote. Ukiwa mgeni."

Daktari alimwita dereva. "Lukeba, umesikia? Tangu nianze kazi huku nauliza, uko na watoto wangapi. Wananipa wazima, wananifichia wagonjwa. Nimezunguka pwani nzima nikihesabu watoto wasionihitaji."

"Nifungue masanduku?" Lukeba aliuliza.

"Fungua."

*

Mariyamu alipoona gari mlangoni na Mwanvua akishuka kutoka ndani yake, alielewa mara moja.

"Umenivua nguo mbele ya wageni," alimwambia binti yake. "Mtoto wa tumbo langu."

"Mama, meno yanayotoka ni ya nyuma."

"Mwenye nyumba ni mimi au weye?"

Bibi Batuli naye alikuwa mlangoni, amemkumbatia Idi, amemfunika uso kwa upande wa kitenge. "Mumehesabu, sasa tutaona," alisema.

Daktari hakuingia. Alikaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa, pale alipopenda kukaa Idi. "Mama," alisema, "sikukuja kukuita mwongo. Mimi ndiye niliyeuliza vibaya. Ningekuwa wewe, na mtu nisiyemjua ameshuka garini akaniuliza watoto, labda nami ningemwacha mmoja. Lakini nikwambie jambo. Ugonjwa huu hauji kwa jicho. Tayari uko ndani ya nyumba. Ua wako umemfungia mtoto pamoja nao."

Kelele zilimwamsha Alimasi. Alitoka akiwa amefunga shuka kiunoni. Alisikiliza akiwa amesimama, mkono mmoja ukutani. Ilikuwa kana kwamba angesinzia hapo hapo. Kisha alimwendea mama yake, Bibi Batuli, akauondoa mkono wake polepole, akamfunua Idi uso. Alimtazama kwa muda mrefu. Watu wanaofanya kazi gizani na kulala mchana huwaona watoto wao kidogo sana.

"Wavu ukitoboka hatuufichi," alisema. "Tunautandaza juani tuone tundu. Munganga, atapona?"

Mwanvua alitamani daktari aseme ndiyo. Hata mama yake, kwa hasira zake zote, alikuwa amemgeukia daktari.

"Sijui," alisema Daktari Cikuru. "Wengine wanapona. Wengine uvimbe unakwisha, halafu unarudi. Wengine hatuwawezi. Nikikuahidi leo, nitakuwa mimi ndiye mwongo. Ninachojua ni kwamba akibaki hapa hataona mvua nyingine."

Kunguru mmoja alishuka mchangani, akachukua ndagala, akaondoka, na hakuna aliyemfukuza. Mariyamu alimtoa Kadidja mgongoni, akampa bibi.

"Nikunje nguo zake," alisema. "Naenda naye."

*

Hospitalini Bujumbura, sindano ilikuwa ya kwenye mshipa. Idi alitapika mpaka akakosa cha kutapika. Nywele zake zilibaki kwenye mto. Lakini uvimbe, ule ambao chumvi na majani havikuutikisa, ulianza kupungua wiki ile ile. Ulipungua kama kipande cha sabuni mkononi mwa mfuaji, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka jicho likarudi mahali pake.

Mariyamu hakuweza kufurahi sana. Kwenye kitanda cha pili alikuwa amelazwa msichana wa Gitaza, mdogo kuliko Idi, ambaye mama yake alisikia habari za gari akamleta mwenyewe. Alikuwa amechelewa. Daktari Cikuru alikaa karibu yake mchana na usiku, akalala kwenye benchi ameegemeza kichwa ukutani, viatu miguuni. Msichana alikufa asubuhi moja, wauguzi walipokuwa wakigawa uji. Daktari alimfunika mwenyewe. Kisha akatoka nje, akasimama kwenye veranda bila kufanya kitu chochote.

Mama wa msichana hakupiga kelele. Alimwambia Mariyamu kwa sauti ndogo tu: "Munganga aliniuliza mchangani, mwanzo wa kiangazi. Alisimama hapa, mimi nimesimama pale. Nikamwambia watano. Dada yangu, yeye ndiye alikuwa wa sita."

Mariyamu alimsaidia kumwosha mtoto. Alipomaliza, alimfuata daktari kwenye veranda.

"Munganga, utarudi lini kule kwetu?"

"Nimechoka, mama," alisema daktari. Alikuwa akisema kweli. "Lakini nitarudi."

"Ukirudi, mimi ndiye nitakayeuliza."

Na ndivyo ilivyokuwa. Idi aliporuhusiwa, kichwa chake kikiwa laini kama yai, Landrova ilipita tena pwani, na Mariyamu alikuwa amekaa mbele. Kwenye kila uwanja wa ndagala alishuka, akavua viatu, akainama na kuanika pamoja na wenyeji kwanza, kwa maana huwezi kumuuliza mtu jambo zito ukiwa umesimama na yeye ameinama. Hakuuliza idadi. Alisema: "Mimi ni Mariyamu wa Rumonge. Nilimwacha mmoja ndani, ndiye yule mwenye upara garini. Na wewe, yule uliyemwacha ndani, hajambo?"

Wengine walikasirika. Mmoja alimmwagia maji ya samaki miguuni. Wengi waliinama zaidi. Lakini mmoja mmoja walinawa mikono, wakaenda nyumbani, wakarudi na mtoto aliyefunikwa kitenge. Wengine walikuwa na majipu tu, au jino bovu la kweli, na Lukeba aliwatania mpaka wakacheka. Wengine walikuwa na ule ugonjwa. Daktari Cikuru aliwapokea wote, na safari hii watu wa Bujumbura hawakuweza kusema pwani haina wagonjwa. Dawa ikaendelea kuja.

Si wote waliopona. Karibu nusu yao daktari hakuwaweza, na kila mmoja alimfunika mwenyewe. Alifanya kazi hiyo miaka iliyofuata, barabara ile ile, vumbi lile lile, nywele zikaingia mvi kabla ya umri wake. Kila alipopita Rumonge alisimama kumtazama Idi mdomoni. Upande wa kulia mengine hayakuota, likabaki pengo. Bibi Batuli alisema ni kwa sababu jino lile liliteremshwa. Idi alijifunza kupiga mluzi kupitia pengo hilo, na kunguru walimwogopa kuliko fimbo.

*

Mwaka wa 1972, mwishoni mwa Aprili, taabu kubwa ya mauaji iliangukia nchi, na ilianzia huku kwetu kusini, kwenye ziwa. Watu wengi walikufa, na wengi zaidi walikimbia. Daktari Cikuru hakuonekana tena barabarani. Baadaye tulisikia alikuwa hai, ng'ambo ya ziwa, akiendelea na kazi yake ya kutafuta.

Alimasi alipata nafasi kwenye mtumbwi wa mashine uliokuwa ukienda Kigoma. Kulikuwa kumepambazuka kwa shida, ukungu juu ya maji, na watu walisukumana mchangani wakiwa na magodoro na kuku. Mwenye mtumbwi, mtu wasiyemjua, alisimama ndani ya maji akipokea watu kwa haraka.

"Mama, watoto wangapi?"

Bibi Batuli alimshika Mariyamu mkono. Kumwacha mmoja bila kumtaja ilikuwa desturi ya maisha yake yote, na siku ile ilikuwa ya hofu kuliko zote. Mwanvua, ambaye sasa alikuwa msichana wa miaka kumi na sita, alimtazama mama yake.

"Wanne," alisema Mariyamu kwa sauti iliyosikika mpaka nyuma. Akawagusa vichwa kimoja kimoja. "Huyu. Huyu. Huyu. Na huyu. Ni wanne, usiondoke mpaka uwaone wanne."

Mtumbwi ulijaa. Katika kusukumana watu walitengana, na mashine ilipokwisha kuwaka mwenye mtumbwi alipiga kelele: "Yule mama wa wanne! Naona watatu!"

Idi alikuwa bado mchangani, amenaswa nyuma ya magodoro ya watu. Alipiga mluzi. Mwenye mtumbwi alirudi nyuma, akamshika kwapani, akamtupa ndani kama kapu la samaki.

Walipokuwa mbali na pwani, na milima ya Rumonge imekuwa ya buluu nyuma yao, watu waliegemeana kwa uchovu. Idi alilala kwenye mapaja ya mama yake, mdomo wazi, pengo likionekana. Bibi Batuli alimtazama kwa muda mrefu, kisha akavuta kitenge kumfunika miguu. Miguu tu. Uso aliuacha wazi.

"Mama," Mwanvua aliuliza, "siku ile ya jino, ulinisamehe?"

"Nilikukasirikia mpaka Bujumbura," alisema Mariyamu. "Nikajifunza kule. Nilifikiri ukweli ni mlango wa kuingiza mabaya. Kumbe na msaada hupita mlango huo huo. Kumbuka utakapokuwa na wako, na uwafundishe: mtoto usiyemhesabu, siku akipotea hakuna atakayerudi kumtafuta."

Akaegemeza kichwa kwenye ubao wa mtumbwi, akafumba macho. Lakini kabla ya kusinzia aliwahesabu tena, kwa kidole, wote wanne.